Bendeji za Kuazima

Kipindi cha kwanza ni bure, ndivyo ilivyosema karatasi
iliyobandikwa mlangoni pa ghala la zamani la kahawa,
nyuma ya stesheni ya reli, Moshi.
Nikaingia na kanga kiunoni juu ya suruali ya mwanangu,
raba za kufanyia usafi,
na umri wangu, arobaini na minne,
ambao hakuna aliyeuuliza.

Kocha Mrutu akanifunga bendeji
kidole kwa kidole, taratibu,
kama mtu afungaye ndizi mbivu kwa safari ndefu.
Zilikuwa na jasho la mtu mwingine.
Sikuuliza la nani.

"Kushoto. Kushoto. Kulia."
Gunia lilining'inia pale, halina habari.
Nikalipiga. Likanitazama.
Nikalipiga tena, likasogea kidogo, kwa adabu,
kama mgeni anayekupisha kwenye benchi.
"Pumua, mama. Ngumi isiyo na pumzi ni kofi."
Mimi, ambaye kutwa nzima dirishani pa SACCOS
nahesabu fedha za watu na pumzi nimeibana,
kumbe nilikwisha kuisahau njia yake.

Kulia kwangu Eliaichi, mpagazi wa mlimani:
masika haya wageni hakuna, na mapafu hayataki kulala.
Kushoto, mwalimu mstaafu wa hesabu
aliyeruka kamba kwa sauti, saba, kumi na nne, ishirini na moja,
akikosea anarudi sifuri, hajisamehe.
Dakika tatu. Kengele. Dakika moja ya kufa.
Dakika tatu tena.
Jasho likaniingia machoni, nikalia bila sababu,
au kwa sababu zilizokuwa zikingoja kisingizio.

Baadaye, bei.
Elfu sitini kwa mwezi.
Miezi mitatu kwa mkupuo, laki na nusu.
Glovu juu yako.
Aliitaja kwa upole, akiangalia ndoo,
kama daktari anayetaja ugonjwa.

Nikaenda na hiyo sitini nyumbani, nikaiweka mezani,
nikaigeuza.
Ni mtungi mkubwa wa gesi.
Ni viatu vya Ndeanasia, vilivyoanza kucheka mbele,
na hisa mbili tatu za kikoba.
Nikaigawanya kwa vipindi kumi na viwili: elfu tano,
sahani ya chipsi kuku, bila soda.
Nikaiona ndogo.
Nikaipima na mshahara,
nikaona haya.

Halafu macho yakaangukia kadi.
Harusi ya mdogo wake bosi, Machame,
mtu niliyemwona mara moja, tena kwa mgongo.
Singo hamsini, dabo laki.
Hiyo niliiahidi kwa wino, sikuigawanya kwa chochote.
Misiba siigusi, msiba ni deni letu sote,
lakini mwaka huu nimechangia sendofu mbili, kipaimara,
keki ya ghorofa saba,
na kijana wa kupiga picha kutoka angani.
Mwili huu haujawahi kuchapishiwa kadi.

Jumatatu mikono ilitetemeka dirishani.
Noti za mteja zikaniponyoka, nikazihesabu mara tatu.
"Unaumwa, dada?"
"Nilikuwa napigana."
Akacheka,
kisha akazihesabu tena mwenyewe.

Eliaichi kaniambia analipa nusu, nusu nyingine anapiga deki.
Mimi deki nimepiga ya kunitosha.
Labda nitamuuliza kocha kama anapokea kidogo kidogo,
kila Ijumaa, kama Shayo wa dukani na sukari yake.
Labda sitamuuliza.

Bendeji alisahau kunidai.
Nimezifua kwa sabuni ya mche, nazianika
kati ya sare za shule, ndefu mno,
zinavuka kamba yote na kurudi.
Vitu vya watu hurudishwa, ndivyo nilivyolelewa.
Mama Nkya akachungulia juu ya ua wa masale.
"Jirani, nani kaumia?"
"Bado," nikasema,
na kibanio mdomoni.